Kuchagua Fani ya Baiolojia Itakayokupa Kazi: Mwongozo Kamili kwa Waliosoma CBG na PCB

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka napokea ujumbe uleule: "Kaka, nimekosa udaktari, nijaze kozi gani?" Baada ya miaka mitatu minne baadhi ya vijana haohao wananiandikia tena: "Kaka, nina shahada ya baiolojia, huu mwaka wa pili niko mtaani."

Si wavivu hata kidogo. Wengi wana alama nzuri kuliko nilizokuwa nazo mimi. Kinachowakwamisha ni kwamba walianza na jina la kozi, wakaamini kazi itajileta yenyewe. Mwongozo huu unakwenda kinyumenyume: unaanzia kwenye tangazo la kazi, unarudi hadi kwenye fomu ya udahili. Nimeuandika kwa mazingira ya Tanzania, kwa waliosoma Kemia, Baiolojia na Jiografia (CBG) au Fizikia, Kemia na Baiolojia (PCB), lakini msomaji wa Kenya au Uganda anaweza kufuata hatua zilezile kwa kubadilisha majina ya taasisi.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari la kawaida na kalamu. Usiandike kwenye simu. Utahitaji kuona kurasa mbili kwa pamoja.
- Matokeo yako ya kidato cha nne na cha sita, au transkripti kama umeshahitimu.
- Mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu, na ule wa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa ngazi ya stashahada. Wa mwaka jana hautoshi, kwa sababu sifa za kujiunga hubadilika.
- Simu yenye intaneti, na bando la kutosha kupakua mafaili ya PDF.
- Namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa.
- Wiki sita. Ukiwa na wiki mbili tu kabla dirisha halijafungwa, fanya hatua ya 1, 2, 3 na 5, nyingine utazifanya ukiwa chuoni.

## Hatua ya 1: Kusanya matangazo 20 ya kazi

Tafuta matangazo ya zamani na mapya kwenye Ajira Portal (tovuti ya serikali ya kuombea kazi) na kwenye tovuti za taasisi zenyewe: TAWIRI (wanyamapori), TAFIRI (uvuvi), TARI (kilimo), TAFORI (misitu), NIMR (magonjwa ya binadamu), TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (usimamizi wa wanyamapori), TBS (viwango), TMDA (dawa na vifaa tiba), Mkemia Mkuu wa Serikali na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Ongeza ya taasisi zisizo za serikali, mfano Ifakara Health Institute.

Chora safu tano kwenye daftari: cheo, shahada iliyotajwa, ujuzi, leseni, kituo cha kazi. Jaza tangazo moja kila mstari.

Kwa nini: anayechambua maombi anafuata maneno ya tangazo. Likisema "Shahada ya Usimamizi wa Wanyamapori, Zoolojia au inayolingana", mwenye shahada ya jumla atalazimika kueleza kwamba yake inalingana, na mara nyingi hapewi nafasi ya kueleza.

Tahadhari: miongozo mingi ya zamani bado inaitaja TFDA kuwa ndiyo inayosimamia chakula. Tangu 2019 udhibiti wa chakula na vipodozi uko TBS, na TFDA imekuwa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Ukiandika TFDA kwenye barua ya maombi unajulikana mara moja kwamba hukusoma.

Umefanikiwa ukiona: maneno matatu au manne yanajirudia kwenye safu ya ujuzi. Karibu kila mara yatakuwa uchambuzi wa data, kazi za maabara, kuandika ripoti na kufanya kazi vijijini. Yaandike kwenye jalada la daftari.

## Hatua ya 2: Tenga kazi zenye leseni na zisizo na leseni

Hapa ndipo watu wengi wanaumia, kwa hiyo soma taratibu.

Kuna kazi za baiolojia zilizozungushiwa ukuta wa sheria. Maabara ya hospitali ina Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Dawa ina Baraza la Famasia, mifugo ina Baraza la Veterinari, uuguzi una Baraza la Uuguzi na Ukunga. Huingii humo bila usajili, na usajili unafuata kozi maalumu.

Nilisoma na wenzangu waliochukua baiolojia ya molekuli wakijua kabisa kwamba wakimaliza watapima damu hospitalini. Mwalimu wa taaluma wa shule tuliyotoka ndiye aliyewaambia hivyo, kwa nia njema. Mmoja wao alikuwa anaendesha PCR (kipimo cha vinasaba) vizuri kuliko fundi wa hospitali aliyoomba. Walimrudisha getini, na hawakukosea: hakusoma Sayansi ya Maabara za Tiba, hivyo hakuwa na usajili. Ilimlazimu kuanza upya kwa stashahada.

Ualimu nao una mlango wake. Ukitaka kufundisha baiolojia sekondari, chukua shahada yenye elimu ndani yake. Ukichukua shahada ya sayansi peke yake, jiandae kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu.

Zisizo na baraza la namna hii ni nyingi: utafiti, uhifadhi, uvuvi, usalama wa chakula, udhibiti wa wadudu, afya ya mimea, mazingira.

Umefanikiwa ukiweza: kuangalia kila mstari wa daftari lako na kusema, bila kubahatisha, kama kazi ile inadai usajili na ni kozi ipi inayoupa.

## Hatua ya 3: Chagua kiumbe, mahali na kipimo

Usijiulize "nisome nini?" Jiulize maswali matatu: nataka kushughulika na kiumbe gani, mahali gani, na nitapima nini kila siku? Majibu yakikaa pamoja, fani inajitaja yenyewe.

Mbu na wadudu waenezao magonjwa. Nakiri kwamba naipenda fani hii kuliko nyingine, na naona inasahaulika bila sababu. Malaria bado ipo, na mbu wanabadilika: wanazoea viuatilifu, na mbu wa Asia aitwaye Anopheles stephensi, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012, anazaliana kwenye matangi na ndoo za mjini, si kwenye madimbwi ya kijijini tu. Nchi inahitaji watu wa kumfuatilia. Njia yake ni zoolojia, baiolojia ya molekuli au afya ya mazingira, kisha uzamili wa entomolojia, yaani sayansi ya wadudu. Kazi ziko Ifakara katika bonde la Kilombero, vituo vya NIMR kama Amani kule Muheza, na miradi ya udhibiti wa mbu ya halmashauri.

Bahari na maziwa. Ukiwa mtu wa Pwani, Visiwani au Kanda ya Ziwa, una faida ambayo wenzako hawana: unajua maji. Kule Unguja na Pemba wanawake wengi wanalima mwani, na ule wa kotonii unaolipa vizuri zaidi ndio unaokufa maji ya ufukweni yakizidi joto. Wakulima wanauliza maswali ambayo ni baiolojia tupu: tuhamie kina gani, mbegu ipi inavumilia, ule weupe unaoonekana kwenye matawi ni ugonjwa au jua? Anayeweza kujibu hayo ana kazi mbele yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari hukohuko Zanzibar. Kwa ngazi ya stashahada, FETA (wakala wa mafunzo ya uvuvi) ina kampasi Mbegani, Bagamoyo, na Nyegezi, Mwanza. Viwanda vya kuchakata sangara Mwanza vinahitaji watu wa ubora, kwa sababu samaki wa kwenda Ulaya lazima apimwe.

Mimea na wadudu waharibifu. Mihogo inaliwa na batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa ya virusi yanayobebwa na nzi weupe. TARI ina vituo vinavyofuatilia mambo haya, na Naliendele kule Mtwara ndiko korosho inakotafitiwa. SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, ndiyo njia iliyonyooka. Anayejua kuzalisha migomba au miche mingine kwa chupa za maabara (tissue culture) anaweza hata kuuza miche yake mwenyewe bila kusubiri ajira.

Wanyamapori. Ndiyo fani inayopendwa kuliko zote, na ndiyo yenye foleni ndefu kuliko zote. Mweka, chini ya Kilimanjaro, imekuwa ikifundisha tangu 1963. Pasiansi, Mwanza, inatoa askari wa wanyamapori. Ila ondoa wazo kwamba ni simba na tembo tu. Chura mdogo wa Kihansi alitangazwa mwaka 2009 kwamba hayupo tena porini. Akaokolewa kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kumlisha, kumtibu na kumzalisha kwenye vyumba vidogo huko Marekani. Alirudishwa Tanzania 2010, na 2012 akaanza kuachiwa tena kwenye korongo lake. Anayejua viumbe wadogo hashindani na umati.

Vijidudu na chakula. Mikrobiolojia na sayansi ya chakula. Haina sifa ya kusimulia kijiweni, lakini viwanda vya maziwa, bia, maji na vyakula huajiri mwaka mzima, na huajiri mijini.

Data za kibaiolojia. Bioinformatiki na takwimu za kibaiolojia. Kwa ngazi ya shahada ya kwanza usiifanye kuwa fani. Ifanye ujuzi wa pili juu ya mojawapo ya hizo hapo juu.

Tahadhari: usichague kiumbe kwa sababu umemwona kwenye televisheni. Chagua kazi ya siku nzima, si ya dakika moja nzuri.

Umefanikiwa ukiwa na: sentensi moja ya namna hii: "Nataka kufuatilia magonjwa ya mwani, Pwani na Visiwani, kwa kupima joto la maji na ukuaji wa mbegu."

## Hatua ya 4: Onja kazi kabla ya kuisomea

Tafuta siku tano za kukaa kwenye kituo, shamba au maabara inayofanya kazi hiyo. Usiombe ajira, omba kuangalia. Ujumbe mfupi unatosha:

> "Shikamoo Daktari. Naitwa ___, nimemaliza kidato cha sita, CBG. Nafikiria kusomea entomolojia, na kabla sijajaza fomu naomba kuja kuangalia kazi kituoni kwenu kwa siku tano, kwa gharama zangu. Nitafuata taratibu zote za usalama. Naweza kuja wiki yoyote mwezi huu. Asante."

Tuma kwa watu watatu tofauti, subiri wiki moja, kisha piga simu au fika mwenyewe. Ukienda ofisini nenda asubuhi, na barua iliyochapwa mkononi.

Nikupe picha ya siku moja. Mtego wa usiku unaletwa asubuhi, na mbu wamo kwenye kikombe cha karatasi. Unawamwaga kwenye karatasi nyeupe chini ya hadubini, unamgeuza mmoja kwa koleo nyembamba. Tazama vipapasio: vikiwa na manyoya kama brashi, ni dume, mweke kando. Jike? Tazama palpi, zile fimbo mbili pembeni mwa mrija wa kunyonyea. Zikiwa ndefu sawa na mrija, huyo ni Anopheles. Zikiwa fupi, ni Culex au Aedes. Kisha tumbo: tupu, lina damu mbichi, damu imesagika nusu, au lina mayai. Andika. Mtie kwenye kichupa chenye namba, maana Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautiki kwa macho. Lazima waende kwenye PCR. Chukua anayefuata. Bado mia mbili.

Binti mmoja niliyewahi kukaa naye meza moja alikuwa amekuja kuonja kwa siku tatu. Siku ya kwanza, saa sita mchana, shingo ikiwa inamuuma, aliinua kichwa akauliza, "Kwa nini wa nyumba hii karibu wote wana damu na wa nyumba ile wako tupu?" Ile nyumba ya pili ilikuwa na wavu madirishani. Hakuna aliyemwambia atazame hilo. Leo anasoma uzamili.

Tahadhari: akitokea mtu anadai pesa ili "akuunganishe" na kituo, achana naye. Tena usiguse sampuli za damu wala kemikali bila mtu wa kukusimamia, hata kama umeambiwa ni jambo dogo.

Umefanikiwa ukiona: siku ya tatu bado una maswali. Ukichoka kabisa, hujapoteza kitu; umeokoa miaka mitatu. Rudi hatua ya 3, badilisha kiumbe au kipimo.

## Hatua ya 5: Linganisha alama zako na njia zilizopo

Fungua mwongozo wa TCU kwenye mstari wa kozi yako na usome sifa neno kwa neno. Hesabu pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Angalia masomo gani yanahesabiwa, maana kozi nyingine inataka kemia na baiolojia, na nyingine inakubali jiografia. Angalia pia masharti ya kidato cha nne. Wengi hukwama kwenye hisabati ya kidato cha nne waliyoisahau.

Kisha panga chaguo tatu: moja ya juu kidogo ya alama zako, moja inayolingana nazo, moja ya uhakika. Zote tatu zielekee kiumbe kilekile. Usichanganye wanyamapori, uhasibu na famasia kwenye orodha moja.

Alama zikiwa ndogo, stashahada si aibu. Najua nyumbani kutakuwa na maneno. Mkalishe baba au mama, mwoneshe daftari lako: haya matangazo, huu mshahara, hizi nafasi zinazotaka stashahada. Mzazi akiona karatasi analainika kuliko akisikia kilio. Na mlango wa shahada haufungwi: vyuo vingi vinapokea wenye stashahada ya fani husika yenye GPA isiyopungua 3.0.

Tahadhari mbili. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa, ndani ya muda. Kila mwaka wapo wanaopoteza nafasi kwa kulala. Na usisubiri udahili ndipo uombe mkopo: Bodi ya Mikopo ina dirisha lake, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa Visiwani.

Kwa Wakenya: udahili wenu uko KUCCPS, na taasisi za kufuatilia ni KEMRI, KWS, ILRI na icipe, hii ya mwisho ikiwa ndiyo mahali pazuri zaidi ninapopajua kwa mtu wa wadudu katika ukanda huu.

## Hatua ya 6: Ukiwa chuoni, jenga ushahidi

Shahada peke yake inasema ulihudhuria. Unahitaji vitu vinavyosema unaweza.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Usikubali kupelekwa popote. Kuanzia muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, andikia kituo ulichoonja kwenye hatua ya 4. Wanakukumbuka, na hilo ni zito kuliko barua ya chuo.

R na QGIS. Ni programu za kompyuta, na zote ni bure. R inakupa takwimu, QGIS inakupa ramani. Jifunze saa moja kila siku kwa miezi mitatu, ukitumia data halisi: kama huna yako, GBIF (hifadhidata ya kimataifa ya viumbe) ina rekodi za viumbe wa Tanzania ambazo yeyote anaweza kupakua. Tengeneza ramani ya mjusi wa Usambara au ya mkoko wa Rufiji. Ramani hiyo moja unaweza kuipeleka kwenye usaili.

Mradi wa mwaka wa mwisho. Chagua msimamizi mwenye mradi unaoendelea hata kama mada yake si ya ndoto yako. Mwenye mradi ana vifaa, ana data, na anajulikana nje ya chuo; barua yake ya kukupendekeza itasomwa.

Mitandao ya fani. WIOMSA kwa watu wa bahari, PAMCA kwa watu wa mbu, na Tropical Biology Association, ambayo kozi zake za porini zimewahi kufanyika Amani. Wanachama wake hutumiana nafasi ambazo hazifiki magazetini.

Umefanikiwa ukiwa na: mtu mmoja nje ya chuo, asiye ndugu yako, anayeweza kupokea simu na kueleza kazi uliyofanya kwa mikono yako.

## Hatua ya 7: Omba kazi kwa utaratibu

Kwa ajira za serikali kila kitu kinapita Ajira Portal, na ni bure. Jaza taarifa zako zote kabla tangazo halijatoka. Barua ya maombi lazima iwe na saini yako. Hati za matokeo ya muda na "testimonial" hazikubaliki. Pakia vyeti halisi. Kama umesoma nje, vyeti vihakikiwe kwanza na TCU, NACTVET au NECTA. Kikomo cha umri kwa kawaida ni miaka 45.

Jina lako lifanane kwenye NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Kama kuna herufi inayopishana, shughulikia hati ya kiapo sasa hivi, si siku ya usaili.

Usaili wa mchujo ni wa kuandika. Soma sheria na majukumu ya taasisi yenyewe, siyo notisi za chuo pekee. Wengi wanajua mzunguko wa maisha wa mbung'o, lakini hawajui taasisi wanayoiomba iko chini ya wizara gani.

Kwa miradi ya utafiti, CV isizidi kurasa mbili, na ujuzi utangulie shule. Badala ya "najua kazi za maabara" andika "nimetambua mbu kwa hadubini na kuendesha PCR kwa wiki nane za fildi".

## Ukikwama

Una shahada ya jumla na uko mtaani. Anza hatua ya 1 leo, ruka ya 5. Tafuta kituo cha kujitolea kwa miezi mitatu, si mwaka. Mwezi wa pili muulize msimamizi waziwazi kama kuna mradi unaokuja. Akijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kingine.

Unataka uzamili na huna fedha. Fuatilia ufadhili wa DAAD (shirika la Ujerumani) kwa wanaosoma ndani ya Afrika Mashariki, na uwaandikie wahadhiri wenye miradi ya utafiti SUA na Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Waandikie kuhusu swali lako la utafiti. Shida ya ada iweke mwishoni.

Umeitwa usaili mara tatu na hukupita. Chukua daftari, ongeza safu ya sita, na uandike kila swali lililokushinda siku hiyohiyo kabla hujapanda basi la kurudi.